Kituo cha Kutosha

Ukitaka kujua siri za wakubwa wa mjini, usihangaike kujificha chini ya meza. Beba nguo zao zilizotoka kwa dobi, ingia nao kwenye lifti, kisha funga mdomo. Mtu aliyebeba rundo la suti haonekani, zinaonekana suti. Ndivyo ilivyokuwa siku Fursa alipopanda jengo refu la maofisi kupeleka nguo za wateja wa dada yake, uso umezama katikati ya makoti, masikio yote mawili yako nje yanafanya kazi.

Jina la Fursa hakupewa na wazazi. Alipewa na mtaa, kwa sababu halikuwepo jambo, hata msiba, ambalo yeye hakuliona kuwa ni fursa.

Ndani ya lifti walikuwemo watatu wanaojuana: Meneja wa benki, bwana ambaye tumbo lake lilikuwa linatangulia kufika, Mwanasheria, mama wa miwani myembamba na sauti ya kukata, na Daktari wa meno, mtu mpole mwenye uso wa kuomba radhi.

"Leo tarehe ngapi?" aliuliza Meneja.

"Tisa."

"Tisa! Basi nimekwisha. Mshahara uliingia, ukanisalimia, ukaondoka."

"Afadhali wako unasalimia," alisema Mwanasheria. "Wangu nausoma kwenye simu tu, kama habari ya mtu aliyesafiri. Gari la kwanza lina mkopo, la pili lina dereva, dereva ana familia. Na ukishakuwa na bwawa la kuogelea, lazima uwe na mtu wa bwawa."

"Mimi mtu wa bwawa ninaye," alisema Daktari kwa huzuni. "Bwawa ndilo bado sijalimaliza kujenga."

"Lakini wewe si ulipandishwa mwaka jana, ukaanza kupata mara mbili?" Meneja alimuuliza Mwanasheria.

"Nilipandishwa. Sasa hainitoshi mara mbili."

Nyuma ya makoti, Fursa alitabasamu peke yake. Watu watatu wanaopata kwa mwezi kile ambacho mtaa mzima wa akina Fursa ungekipata kwa mwaka, na wote wanalia njaa! Mtu mwenye roho nzuri angewahurumia. Fursa naye aliwahurumia, kwa namna yake.

Na ukweli ni kwamba maji yalikuwa yamemfika kijana shingoni. Dada yake, yule dobi, alikuwa na mashine moja ya kufulia, kubwa, ya mtumba, inayotetemesha ukuta wa jirani. Nasema alikuwa nayo. Mwezi uliopita dada alipokwenda kumzika shangazi yao, Fursa aliiuza akanunua mayai ya mbuni, ili afuge mbuni, auze manyoya, anunue mashine tatu. Mayai yalilaliwa na kuku wa jirani kwa subira kubwa sana. Hakutoka mbuni. Ilitoka harufu, na baada ya hapo kuku mwenyewe akahama.

Tangu siku hiyo dada alikuwa anafua kwa mikono: mashuka ya nyumba ya wageni, sare za hospitali, suti za wakubwa. Vidole vilichubuka mpaka kushika kikombe cha chai ikawa kazi. Hakupiga kelele. Alimwita mdogo wake uani akamwambia, "Mwezi ukiisha mashine haipo hapa, na wewe hutakuwepo hapa." Dada huyu ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na hajawahi kumtishia jambo akaacha kulifanya. Fursa alikuwa anaogopa viumbe wawili tu duniani, polisi na dada yake, na polisi walau aliwahi kuelewana nao.

Kesho yake mchana, kwenye mgahawa wa chini ya jengo lilelile, aliketi bwana mmoja nadhifu ndani ya suti ya kijivu. Suti hiyo ilipaswa kuwa kabatini kwa Meneja wa benki. Kwa kuwa Meneja na Fursa hawakuumbwa kwa kipimo kimoja, kitambaa chote cha ziada kilikuwa kimekusanywa nyuma na kushikwa kwa vibanio vya kuanikia nguo. Kwa mbele alionekana balozi. Kwa nyuma alikuwa kamba ya nguo. Kwa hiyo aliamua kwamba siku hiyo hatampa mtu yeyote mgongo.

Watatu wetu walikuwa meza ya jirani, wananung'unika juu ya bei ya gari la tatu. Mhudumu alimletea Fursa chai.

"Nikuongezee, bosi?"

"Hapana, imetosha."

"Chenji yako hii."

"Kaa nayo. Ninazo za kutosha." Kisha akaegemea kiti taratibu, vibanio visije vikafyatuka, akashusha pumzi ndefu. "Aah! Imetosha kabisa."

Vichwa vitatu vya meza ya jirani vilikuwa vimegeuka.

"Samahani, kaka," alisema Meneja. "Umesema nini?"

"Nimesema imetosha."

"Inatoshaje?" Aliuliza kwa uchungu, kama mtu anayeulizia nduguye aliyepotea.

Fursa akawatazama kwa huruma ya kitaalamu. "Waheshimiwa, mimi si mtu wa kuingilia mazungumzo ya watu. Lakini ninyi ni wagonjwa. Tena si wa mapato, mapato yenu ni mazima. Kilicholala ni kiungo."

"Kiungo gani?" Daktari akashtuka.

"Kiungo cha kutosheka. Kipo hapa, kushoto, chini ya mbavu."

Daktari wa meno, aliyesomea mwili wa binadamu kwa miaka mingi na kwa ada kubwa, alijipapasa chini ya mbavu. "Sisi tulifundishwa kichwa zaidi," akakiri.

"Mtoto mchanga anacho," Fursa akaendelea. "Akishiba, analisukuma ziwa la mama yake. Ninyi mara ya mwisho mlisukuma kitu lini?"

Wakafikiri. Mwanasheria alikumbuka aliwahi kumsukuma mtu kwenye foleni ya uwanja wa ndege, akaona hiyo si yenyewe.

"Tiba ipo?" aliuliza Meneja.

"Ipo. Inaitwa Kituo cha Kutosha. Mnaingia Ijumaa jioni, mnatoka Jumapili. Hakuna viatu, hakuna dereva, na simu zinakaa kwenye ndoo yenye mfuniko. Mnafua nguo za watu msiowajua, kwa mikono yenu wenyewe. Doa likitoka, tamaa inatoka nalo."

"Bei?" Mwanasheria akauliza.

Fursa akataja bei ambayo yeye mwenyewe aliiona ni ujambazi wa mchana kweupe. Mwanasheria akakunja uso.

"Hiyo tu? Mimi zulia langu linasafishwa kwa zaidi ya hiyo. Tiba gani ya bei ya zulia?"

Fursa hakupepesa jicho. "Hiyo ni ya mkono mmoja, mama."

"Na mikono miwili?"

"Mara mbili yake."

"Ehe! Hapo tunaongea."

Meneja alikuwa anapapasa mkono wa koti la Fursa. "Koti zuri sana hili. Nina la namna hiihii, liko kwa dobi."

"Ukimaliza tiba, bosi, utamwona mtu amelivaa hilo koti lako na roho haitakuuma hata kidogo."

"Kweli?" Meneja alitamani kulia.

Walipokubaliana, Fursa aliinuka akatoka kinyumenyume mpaka mlangoni, akiinamisha kichwa kila hatua, akamkanyaga mhudumu na mtungi wa maua. "Mtu mnyenyekevu," alisema Daktari.

Ada ililipwa kabla ya Ijumaa, na ilivyopatikana ni hadithi nyingine. Mwanasheria alichukua mshahara wa mwezi ujao. Daktari alikopa kwa mtu wa bwawa. Meneja naye alikopa, lakini kwenye benki nyingine, kwa sababu ya kwake alikuwa anayajua masharti yake.

Kilichobaki kilikuwa kumweka sawa dada.

"Dada, nimekuletea watu watatu wa kukusaidia kufua. Bure."

Dobi akaacha kukamua shuka. "Bure? Ni wazima?"

"Ni wa kifungo cha nje. Mahakama imewapa kazi za jamii."

"Wameiba nini?"

"Mambo ya maofisini."

"Aa, hao," alisema dobi, na akarudi kwenye shuka lake. "Walete. Na wewe usidhani mashine nimeisahau."

Mlangoni, wagonjwa wakiwa peku, Fursa aliwapa masharti ya mwisho. "Mkufunzi Mkuu ni mkali. Kila neno lake ni dawa. Msijitetee, msimhoji. Mezeni tu."

Jumamosi asubuhi ua ulikuwa umejaa mapovu. Sijui kama umewahi kumwona meneja wa benki akipambana na shuka la kitanda kikubwa. Alilikamata pembe moja, shuka likamzunguka, likamlaza chini, na ilibidi Daktari amchomoe.

"Wewe mwenye tumbo!" alifoka dobi. "Hiyo foronya unaifua au unaibembeleza?"

"Naifua, Mkufunzi!"

"Sugua! Ulipokuwa unachukua vya watu ulikuwa mlegevu hivyo?"

Meneja alipigwa na butwaa. Amejuaje? Akasugua mpaka miwani ya Mwanasheria ikajaa povu.

Dobi alikaa juu ya kigoda akawatazama. Hakuwa mtu mbaya, na wezi hawa walianza kumtia huruma. "Hebu niambieni. Nyumbani kwenu mlikuwa na cha kula?"

"Mpaka tunabakisha," alijibu Daktari.

"Pa kulala?"

"Ghorofa," alisema Mwanasheria kwa sauti ndogo.

"Sasa mlikosa nini, wanangu? Mlikosa nini mpaka mkanyoosha mkono?"

Meneja akaangua kilio, kilio kizito cha mtu mzima. "Sijui, Mkufunzi! Kila nikipata naona bado! Nikipata tena, naona bado!"

"Mimi niliwahi kung'oa jino lisiloumwa," alisema Daktari, machozi yanadondokea soksi za mtu.

"Toba!" Dobi akashika kichwa.

"Lilikuwa jirani na linaloumwa."

"Mimi," alisema Mwanasheria, "niliwahi kumtoza mteja kwa muda aliokaa kunisubiri."

Fursa, kivulini juu ya ndoo, alikuwa anajiuma ngumi asicheke. Hajawahi kuona kazi yake ikitendeka vizuri namna ile: dada anatukana wezi, wagonjwa wanapata dawa, na yeye ana pesa mfukoni. Mchana, wakati wa kuanika, Mwanasheria alimshika dobi mkono nyuma ya mashuka, akamshukuru sana, akamnong'oneza maneno mawili matatu. Dobi akachungulia pembeni ya shuka, akamtazama mdogo wake pale juu ya ndoo. "Haya, mama," akasema, "nenda kasuuze." Na jioni hiyo aliwatukana vizuri zaidi.

Jumapili asubuhi Fursa alitoka, suti ya kijivu mwilini, kwenda kununua mashine. Kweli kabisa, alikwenda kununua mashine. Duka la njia panda lilikuwa wazi, na mashine yenyewe ilikuwa dirishani, nyeupe, mpya, mlango wake wa kioo unang'aa. Fursa aliiona akavikumbuka vidole vya dada yake. Alimpenda dada yake, jamani. Mkono ulishaingia mfukoni.

Lakini ukishainunua, sauti ikamwambia, unabaki na nini? Nauli.

Akasimama. Wikiendi moja, wagonjwa watatu, ada ya mikono miwili. Je, angekuwa na ofisi? Yenye zulia, na jina kwenye kibao cha shaba, na katibu wa kuwaambia watu wasubiri? Angepata wagonjwa thelathini. Na mtu wa wagonjwa thelathini anaweza kweli kumpelekea dada yake mashine moja tu? Mashine moja itatosha nini? Hapana, itabidi ziwe tatu, na zitakuja mwezi ujao, pamoja na friji. Akaiaga mashine kwa macho, akamtafuta dalali, na dalali hana Jumapili. Kufikia saa sita Fursa alikuwa amelipia ofisi pesa isiyorudi, na chenji akaimalizia kwenye viatu.

Huku uani, shuka la mwisho lilikuwa limeanikwa. Wagonjwa watatu walisimama wakiitazama kazi yao, mikono imevimba, upepo unapiga mashuka meupe. Hakuna aliyetaka kitu.

"Nakihisi," alinong'ona Meneja, kashika mbavu za kushoto. "Kiungo. Kinapiga!"

"Na mimi," alisema Daktari.

Mwanasheria naye alikihisi. Kikapiga, kikapiga tena. Kisha akakunja jicho akayatazama mashuka upya. "Mashuka yote haya. Pesa yake anakula nani?"

"Mama, tuko kwenye tiba," alisema Daktari.

"Nauliza tu. Maji?"

"Ya kisima," alisema Meneja, bila kupenda. "Hayalipiwi."

"Vibarua?"

Wakatazamana. "Vibarua ni sisi."

"Tunalipwa nini?"

"Hatulipwi. Tunalipa."

Meneja akakaa chini, juu ya karai lililogeuzwa. "Miaka yote niko benki," alisema taratibu, "sijawahi kuona biashara ambayo kibarua analipa ili afanye kazi." Na kiungo, kilichoamka kwa jasho la siku mbili, kikalala fofofo.

Wakaitoa ile ndoo ya simu. Wakamfuata dobi.

"Mkufunzi, tunataka utuuzie hapa. Ua, makarai, kamba, jina, kila kitu."

"Siuzi," alisema dobi, akaendelea kusugua kola ya shati.

Wakataja bei. Dobi akasugua. Wakapandisha. Dobi akageuza kola, akasugua upande wa pili. Mwanasheria akapiga simu moja akauza gari la pili, dereva akiwa ndani. Daktari akauza bwawa kabla halijapata maji. Meneja, palepale juu ya karai, akajiidhinishia mkopo kutoka benki yake mwenyewe, masharti na yaende zake. Ilipofika bei ambayo hata kola ya shati ilikuwa imeanza kuchanika, dobi akafuta mikono.

"Basi, kwa kuwa ni ninyi," akasema.

Fursa aliporudi alasiri, viatu vinalia kwi kwi, alikuta pikapu mlangoni na dada yake juu yake, kati ya godoro na masufuria, amevaa gauni la kutokea. Nyuma yake, imefungwa kwa kamba, ilikaa mashine ya kufulia, nyeupe, mlango wa kioo.

"Dada! Unakwenda wapi?"

"Nimehama. Nimepata mahali kwenye umeme wa uhakika. Hapa nimeuza, wenyewe wako ndani."

"Na hiyo mashine?"

"Ya duka la njia panda. Muuzaji kaniambia asubuhi alikuja kijana wa suti ya kijivu, akaikodolea macho muda mrefu, akaondoka." Macho yake yakashuka mpaka kwenye viatu vipya, yakakaa hapo. "Njia nzima nilikuwa naomba asiwe wewe."

Fursa alifungua mdomo. Mdomo ule uliowahi kumuuzia kipofu miwani ulitoa maneno mawili tu.

"Kwani... ulijua?"

"Tumenyonya ziwa moja, mdogo wangu. Mwanasheria aliniambia jana nyuma ya mashuka wanalipa kiasi gani ili niwatukane. Nikasema acha niwatukane ipasavyo. Na leo nilipowauzia hapa nikasema, huyu akirudi na mashine, pesa tunagawana nusu kwa nusu." Alipiga paa la pikapu kwa kiganja kilichochubuka. "Nilishaitenga nusu yako. Ndiyo nimenunulia hii."

"Dada, naumia! Nitalala wapi?"

"Hapahapa. Nimekuombea kazi." Akageuza uso upesi, akajifuta kwa ncha ya mtandio, na pikapu ikaondoka.

Fursa aliingia uani ameinamisha kichwa. Wenye mali walikuwa wamekaa juu ya makarai, peku, wanapigia hesabu kamba za nguo.

"Karibu, karibu!" alisema Meneja kwa furaha. "Mkufunzi ametuambia wewe ndiye mgonjwa kuliko sisi. Mashuka ya nyumba ya wageni yamekuja mengine. Anza na yale."

Fursa akavua koti, akakunja mikono ya shati. Kazi ni kazi. "Sawa, wakubwa. Mtanilipa kiasi gani?"

Wakamtazama. Kisha wakacheka, tumbo la Meneja likatangulia kucheka.

"Tukulipe? Kijana, tumenunua biashara hii kwa sababu ya mfumo wake. Hapa anayefua ndiye anayelipa. Ama hivyo, ama uturudishie ada zetu leo hii."

Fursa akapapasa mifuko yote. Ulitoka ufunguo mmoja wa ofisi. "Sina kitu, bosi. Sina hata nauli."

Meneja akamwekea mkono begani, mkono laini wa kibenki uliojaa malengelenge. "Usihangaike. Usihangaike hata kidogo. Sisi tupo kwa ajili ya watu kama wewe. Tutakukopesha."

"Na riba?"

"Riba," alisema Mwanasheria, akimsogezea karai kwa mguu, "utafua Jumapili."